Chumba Ambacho Kucheka Kulikatazwa

Mwalimu mkuu ameniambia mambo matatu: niandike jinsi nilivyougua, nisome mbele ya shule nzima, na nisilete mzaha. Mawili ya kwanza nimekubali. Basi nawasalimu wote, wakubwa kwa wadogo, na nyinyi mlioketi nyuma mkitafuna miwa, meno yenu nayaona. Nimerudi, napumua, na nina maneno.

Mimi ni Othieno. Kabla ya pepopunda nilikuwa na kazi moja tu duniani, kuchekesha watu. Mwendo wa kila mwalimu hapa naujua kuuiga. Niliwahi kujifanya nimezirai kwenye mstari wa asubuhi, wasichana wanne wakanibeba, nikafumbua jicho moja njiani nione ni akina nani. Baba ni mtu wa Rubongi. Mama ni Msamia, anauza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni Busia, na sauti yake huvuka mpaka wa Kenya bila kitambulisho. Kelele nilirithi.

Sasa nakiri. Muhula uliopita, watu wa chanjo walipokuja na maboksi yao ya barafu, ni mimi niliyewaambia wavulana kwamba sindano ile inazuia ndevu kuota. Nilibuni hapo hapo, muhogo ukiwa mdomoni. Wavulana wote wakatoweka. Nilijua ni uongo, lakini sindano naiogopa kuliko mtihani wa hesabu. Nikaruka ua nyuma ya vyoo, nikatua kwenye lundo la mbao kuukuu. Msumari ukatoboa kandambili, ukaingia kisiginoni hadi ulipotaka wenyewe.

Ningemwambia nani? Kutaja kidonda ni kutaja kwamba nimetoroka. Nikachechemea mpaka kwenye mashine ya kusaga mahindi pale Mukuju, kwa babake rafiki yangu Ekirapa. Ekirapa akanichotea oili chafu ya injini, ile nyeusi, tukamimina kwenye shimo, tukafunga na kitambaa. Si kila mtu huku hufanya hivyo? Kidonda kilijifunga upesi, kizuri kabisa, mpaka nikakisifu. Sikujua kimefungia nini ndani.

Baada ya wiki moja na siku mbili, asubuhi, taya liligoma. Muhogo ulifika mdomoni ukakuta mlango umefungwa. Nikasema ni jino. Mchana shingo ikakakamaa. Kesho yake mwalimu wa fizikia alikuwa anaturudishia karatasi za mtihani, amekasirika vibaya, akasimama mbele yangu.

"Othieno, unachekelea nini?"

"Sicheki, mwalimu." Maneno yalijipenyeza katikati ya meno.

"Na hayo meno?"

"Yamekataa kurudi ndani, mwalimu."

Darasa likapasuka. Ndiyo sentensi ya kweli kuliko zote nilizowahi kusema katika shule hii, na ndiyo mliyoicheka kuliko zote. Akaniambia nipige magoti mbele. Nilipoinama, mgongo ukajivuta wenyewe, ukapinda kinyumenyume kama upinde, kisogo kikagonga sakafu. Mkapiga makofi. Nawakumbuka. Uso wangu ulikuwa unacheka na machozi yanatiririkia masikioni, na sikuweza kuubadilisha. Ekirapa ndiye aliyesogea, akaniangalia machoni.

"Banange, jamani," alisema, "huyu haigizi."

Mwalimu mwenyewe ndiye aliyenikimbiza hospitali Tororo. Kila shimo la barabara lilinipinda upya.

Daktari, mama mfupi mwenye miwani, aliutazama uso wangu mara moja tu. "Ulikanyaga nini?" Nikamwonyesha mguu. Akakipasua kidonda, kikatoka kitu cheusi chenye harufu ya panya aliyekufa. Siku hiyo nilichomwa sindano nyingi mpaka nikapoteza hesabu. Mimi, niliyeruka ua kukimbia moja.

Mama alipofika, daktari alimweleza kwa sauti ya chini. "Mama, ubongo unaongea na misuli kwa kemikali. Kuna ya kukaza, kuna ya kulegeza. Sumu ya vijidudu hivi imefunga ile ya kulegeza. Ni pikipiki inayoteremka mlima, mafuta yamefunguliwa yote, breki hakuna."

"Basi itoeni hiyo sumu, daktari."

"Iliyo kwenye damu tumeizima. Iliyokwisha kushika mishipa ya fahamu haitoki. Tunangoja mishipa iote ncha mpya. Wiki tatu, wiki nne."

"Na akishindwa kungoja?"

Mimi nilikuwa nasikia. Pepopunda hailazi akili, jamani. Uko macho, unasikia kila kitu, unajua ni wewe wanayemwongelea.

Dirisha likafunikwa blanketi, mlangoni wakabandika karatasi ya kuomba kimya. Kila kitu kilinikaza: mlango kugongwa, kijiko kuanguka, inzi kutua mkononi. Mwili ulijikunja mpaka nikasikia meno yakisagana. Mkojo uliwekewa mpira, chakula mpira puani. Lakini kibaya kuliko vyote kilikuwa kifua. Koo linafunga, mbavu zinageuka mbao, hewa iko hapa puani na haiingii. Maisha yangu yote kifua kilipumua bila kuniuliza. Sasa nilikiomba. Pumua. Pumua, ndugu yangu. Nikawa nahesabu nikingoja kiachie. Siku nyingine kiliachia kwenye kumi. Siku nyingine nilifika arobaini na dunia ikawa ya kijivu.

Mama hakuruhusiwa kunigusa. Hata kunifuta jasho. Alivua viatu mlangoni, akakaa sakafuni, mwanamke ambaye sauti yake inasikika Kenya, akawa ananong'ona kama anayeiba.

Siku ya tano akina mama wa kanisa lake wakaja kutoka Busia kuniombea. Ndivyo tunavyofanya huku, mgonjwa anaombewa kwa nguvu, asikie. Mama alikuwa ametoka kuchota maji. Wakaingia wanane na matari, wakaanza wimbo kwa sauti zote. Nilipinda nikabaki kisogo na visigino tu kitandani. Nilihesabu hamsini. Baada ya hapo sikumbuki namba. Sista, muuguzi wa zamu, aliniambia baadaye kwamba nilikuwa wa bluu, na kwamba yeye ndiye aliyenipulizia hewa kwa ule mpira wa kubonyeza kwa mkono, mpaka kifua kikakubali. Nilipofumbua macho, mama alikuwa mlangoni ametandaza mikono, anawasukuma nje wenzake bila kutoa sauti, machozi yakimshuka.

"Mwombeeni barabarani," alinong'ona. "Mungu si kiziwi."

Wiki ya pili dawa za dripu zilishika misuli kidogo, nikadhani nimepona. Bado. Sumu ikaanza kuchezea presha, maana presha nayo inaendeshwa na ubongo. Bila sababu moyo ulianza mbio, kichwa kikigonga kama kinu, godoro likilowa jasho. Halafu ghafla kila kitu kinashuka, vidole baridi, sauti za watu zinakwenda mbali. Sista akawa anaogopa kunipima presha, kwa sababu kile kitambaa kikinibana mkono, kinanikaza. Na asiponipima, hajui kama nakwenda.

Ekirapa alikuja wakati huo. Mama alimwambia mlangoni, "Mwanangu, ukimchekesha utamuua." Yule mjinga akaogopa mdomo wake mwenyewe. Akaujaza maji ili asiweze kusema, akaingia hivyo, mashavu yamevimba, macho yamemtoka, akaketi wima kama bwana harusi. Jamani. Kicheko kilianzia tumboni na hakikufika kinywani. Kilikuta kifua kimefungwa. Nilimwona Ekirapa akitolewa nje, maji yakimwagika shatini, nikafikiri huyu ndiye mtu wa mwisho ninayemwona.

Nitawaambia ukweli. Mshtuko huo ulipopita na mwingine ukaja, sikuhesabu. Nilichoka. Nikasema moyoni, kifua kikitaka kubaki hivyo, kibaki. Ndipo nikamwona mama. Alikuwa amepiga magoti mbele ya uso wangu, haruhusiwi kugusa, haruhusiwi kusema. Alikuwa anapumua. Anavuta hewa kwa nguvu, mabega yanapanda, anaiachia, anavuta tena. Mnajua mama anavyofungua mdomo wake mwenyewe anapomlisha mtoto uji? Hivyo. Nikaanza tena kuhesabu, moja.

Wiki ya nne blanketi likatolewa dirishani. Taya likafunguka upana wa kidole. Daktari akasema limebaki jambo moja, tuone kama naweza kucheka. Mama akamwita Ekirapa. Tangu siku ile hakuwa amerudi. Aliamini ameniua nusu. Akaingia, akajibana ukutani.

"Mwambie kitu," daktari alisema.

"Sisemi, daktari. Naogopa."

"Sema, kijana. Mpira wa hewa ninao hapa."

Akautazama mlango. Mwishowe akachukua kikombe cha mama, akajaza maji mdomoni, mashavu yakavimba, akanitazama huku analia. Nikacheka. Kifua kikakaza. Mama akashika ukingo wa kitanda. Kifua kikaachia. Nikacheka tena, kwa sauti mbovu ya mlango wa zamani, na Ekirapa akamtemea daktari maji yote kwenye miwani. Hapo mama akaniwekea mkono kichwani, mara ya kwanza, akauacha hapo. Hakuna kilichotokea.

Nawashukuru daktari, sista na mwalimu wa fizikia. Mama nimemshukuru kwa kubeba debe lake la omena, na bado sijamaliza. Oili chafu irudisheni kwenye injini. Kidonda kiosheni kwa maji na sabuni, kipelekeni kliniki, hata kama mlikipata mkitoroka. Na ndevu, tazameni kidevu cha mwalimu mkuu, alichanjwa.

Daktari ameniambia kuugua pepopunda hakukingi, inaweza kurudi. Watu wa chanjo wako ofisini sasa hivi na maboksi yao. Nitachomwa wa kwanza, mbele yenu, na nikilia mcheke. Halafu nitazunguka nyuma ya vyoo, nikae juu ya zile mbao. Atakayeruka ua atanikuta hapo, nimemtolea meno yote.