Siku Niliyoita Ng'ombe kwa Gitaa

Jamani, haya nayasema kwa sababu walioona kwa macho yao bado wapo hai, na wakikutana nami mnadani wananiuliza, "Vipi, leo hupigi?", kwa hiyo bora myasikie kwangu mwenyewe: mimi ndiye yule mpiga gitaa aliyevuruga tamasha la roki Bariadi akiwa na kaptura iliyotoboka makalioni, mbele ya baba na mama yake mzazi.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka yameanza kujaa redio na kanda, mitumba imemwagwa sokoni, wanunuzi wa pamba wapya wanapishana na magari yao kutwa, na Bariadi yetu (wakati huo bado tuko mkoa wa Shinyanga) ikampata mwalimu wa hisabati wa kujitolea kutoka Uholanzi, Mwalimu Piet, mrefu kama mlingoti, aliyekuja na sanduku zima la kanda za roki wanayoiita progresivu. Muziki huo, kama hamjausikia, wimbo mmoja unaweza kumaliza upande mzima wa kanda, unaanza taratibu, unageuka, unasimama, mnadhani umekwisha kumbe unavuta pumzi, na mapigo yake hayaendi manne manne kama ya binadamu wengine, yanakwenda saba, mara kumi na moja. Mimi na rafiki yangu Masanja, mpiga drams, tulipagawa. Tukaunda bendi, Piet akapiga kinanda, tukatunga wimbo wa dakika ishirini na mbili kuhusu kilimo cha pamba, una sehemu ya kupanda, ya palizi, ya kuvuna, mpaka ya foleni ya mizani.

Baba hakuelewa. Alikuwa mkulima na mfugaji wa kijiji cha Sola kule Maswa, mtu wa maneno machache, akaniambia, "Ng'wanawane, mwanangu, nakupa msimu mmoja. Nionyeshe watu wanaoupenda muziki wako. Ukishindwa, jembe lako lipo."

Basi Piet alipoandaa tamasha, bendi tano, mbili zikitoka Mwanza, uwanja wa mpira, jukwaa ni matela mawili ya trekta yaliyounganishwa, nikatuma salamu Sola: njooni mwone. Na wakaja, baba na mayu, yaani mama, kwa lori la pamba, wamevaa nguo za kanisani.

Sasa sikilizeni nilipojiponza. Kwenye picha za zile kanda wanamuziki wote wamevaa majoho, na jukwaani kuna moshi. Joho nikashona kwa pazia jekundu (nilichukua wapi pazia, mtajua). Mashine ya moshi Piet aliitafuta Mwanza akaikosa, akasema, "Bwana, si lazima, tupige tu." Laiti ningemsikiliza! Lakini mimi, fundi wa mambo, nikaona moshi gani utanishinda mtoto wa mfugaji, nikajaza karai mbili mavi makavu ya ng'ombe, nikaweka majani mabichi juu, nikaziwasha pembeni mwa jukwaa.

Yeyote aliyekulia zizini ameshajua. Kwetu jioni wazee huwasha shikome, moto wa mavi makavu, moshi unafukuza nzi, na ng'ombe wakisikia harufu ile hujua nyumbani ni hapo, husogea wenyewe wakalala. Mimi nililijua hilo tangu sijaota meno. Siku hiyo lilinitoka kichwani kabisa.

Tukaanza saa kumi na moja jioni. Watu walijaribu kucheza, maskini, hatua tatu zinakubali, ya nne wanagongana, maana Masanja anahesabu saba. Lakini moshi ulipanda vizuri mno, mweupe, mzito, nikajiona niko Ulaya. Tulipofika palizi nikafumba macho, nikaanza kupiga gitaa peke yangu, polepole, na hapo nikasikia watu wanapiga kelele. Nikasema moyoni, baba, unaona? Kelele zikazidi, nami nikazidi. Nikasikia Piet anaita jina langu, nikadhani ananisifu. Nikasikia pumzi ya moto magotini (nikadhani ni spika, jamani, spika!).

Nilipofumbua, nilitazamana na ng'ombe dume.

Nyuma yake wengine, sijui arobaini, sijui sitini, kundi zima lililokuwa likitoka kunywa maji, limejaa mbele ya jukwaa kwenye moshi, wengine wamekwisha kulala chini kabisa, wanacheua. Watu wamepanda magolini, juu ya magari, wanacheka mpaka wanashikana. Na yule dume alikuwa ameshika pindo la joho langu mdomoni, analitafuna kwa utulivu. Nikaruka nyuma. Joho likabaki kwake.

Ndani, kwa sababu ya joto, nilikuwa na kaptura yangu ya shule ya msingi tu, na tundu lake.

Katikati ya kicheko kile nikaisikia sauti ya mayu: "Hee! Pazia langu la sebuleni!"

Mchungaji wao anahangaika na fimbo, hawatoki. Masanja, kwa woga, bado anapiga saba zake. Ndipo nikamwona baba anapita katikati ya ng'ombe, taratibu, kofia mkononi, akapanda kwenye tela, akazimwagia karai zote mbili maji ya kunywa ya bendi moja ya Mwanza, akanivika koti lake. Kisha akashika maikrofoni, akapiga mluzi wa kuswagia ng'ombe, mrefu, wa kupanda na kushuka, na kundi zima likainuka likamfuata mchungaji wake nje ya uwanja. Uwanja ulilipuka. "Mzee arudie! Mzee arudie!" Bendi za Mwanza zilishangiliwa kidogo tu baada ya hapo, nasi hatukumaliza hata palizi.

Tukakaa tunasubiri lori, mimi na koti lake, siwezi kumtazama. Nikamwambia, "Baba, nimekuaibisha. Kesho nakuja kushika jembe."

Akasema, "Ile ya polepole, ndiyo palizi?"

"Ndiyo, baba."

"Nilijua. Inachosha, unadhani umefika mwisho wa mstari, kumbe bado." Akachukua kofia yake. "Nakupa msimu mwingine. Ila mama yako umnunulie pazia."

Pazia nilinunua, la bluu, kwa kupiga nyimbo za dakika nne harusini. Moshi sikuwasha tena maishani, na mpaka leo, mvi hizi kichwani, nikisikia watu wanapiga kelele nikiwa jukwaani, nafumbua kwanza macho, naangalia wana miguu mingapi, ndipo naanza kufurahi.