Wimbo wa Papa Gilbert

Tangu uliponiambia, mwanangu, kwamba umepata nafasi ya kusoma muziki chuo kikuu kule Kinshasa, kuna kisa kimoja cha ujana wangu ninachokikumbuka kila nikikutazama. Najua baba yako anauliza utakula nini. Baba yangu mimi aliuliza vilevile. Alikuwa amehamia hapa Bunia, mtaa wa Lumumba, kutoka Butembo kuuza vitambaa, na kwake kazi ilikuwa kitu cha kupanga dukani. Simlaumu. Lakini habari ya kula utaijua mwenyewe. Mimi nataka kukuambia habari ya Papa Gilbert.

Nilikuwa nimerudi Bunia na shahada yangu ya muziki kutoka Kinshasa. Vita vilikuwa vimekwisha, ndivyo redio ilivyosema. Watu walikuwa wakijenga upya mtaa wa Mbunya, soko lilijaa, lakini ukimsalimia mtu alikutazama kwanza, akakupima, ndipo akajibu. Kila mmoja alitaka kujua wewe ni wa nani. Mimi nilifundisha solfeji, yaani kusoma na kuandika noti, katika shule ya sekondari, na jioni niliongoza korali, kwaya ya kanisa letu. Waimbaji walitoka pande zote mbili zilizokuwa zimepigana. Waliimba bega kwa bega, kisha wakarudi nyumbani kwa njia mbalimbali.

Papa Gilbert, kama alivyotaka tumwite kwa heshima, alikuja siku ya mazoezi, katika gari jeupe lisilo na maandishi yoyote. Mtu wa suti, mpole, mwenye kujua kusifu. Alisema anatengeneza albamu ya amani, itarekodiwa Kampala, itapigwa katika redio zote za jimbo letu la Ituri, na mimi ndiye nitakayeongoza muziki wote. Mwanangu, nilikuwa na umri wa kutamani. Miaka yangu yote ya Kinshasa, nikirudia mazoezi ya piano katika chumba chenye joto, tumbo likiwa tupu, nilikuwa nikimngoja mtu wa namna hiyo ashuke garini.

Akanipa kaseti. Ndani yake mwanamume alikuwa akiimba kwa mdomo uliofungwa, bila maneno, polepole, kama anayebembeleza mtoto.

"Maneno utatafuta weye mwenyewe," aliniambia. "Ya amani, ya Mungu, yote iko muzuri. Lakini melodi usiiguse hata kidogo. Iache vile iko."

Hapo ndipo shaka iliponiingia. Inakuwaje mtu anayetaka wimbo wa amani asijali unasema nini, ila alinde sauti yake kama anayelinda mlango?

Nikaketi kuuandika kwa noti. Chuoni tulikuwa na mwalimu mmoja mkali, tuliyemchukia kweli. Alichukua wimbo tunaoujua, akaupunguza mwendo, akabadilisha mapigo, akauhamisha juu au chini, kisha akatudai tuutambue. "Wimbo ukija na nguo mpya," alisema, "uvueni muone ni nani."

Basi nikauvua. Niliuongeza mwendo, nikapiga meza kwa kiganja, kama miguu ya watu wengi wanaotembea pamoja. Mkono wangu ukasimama wenyewe. Wimbo ule niliujua. Niliusikia nikiwa bado mwanafunzi wa sekondari, nimelala chini ya kitanda na mdogo wangu, kiganja cha mama kimetuziba midomo, wapiganaji wakipita barabarani wakiuimba. Walipomaliza kupita, kulikuwa na nyumba katika avenyu yetu ambazo hazikuwa na watu tena.

Nilitamani niwe nimekosea. Nikaenda kwa Mama Dorcas, mjane aliyeongoza sauti ya pili katika korali yetu, nikamwimbia kwa sauti ndogo, kwa mwendo wa haraka. Alikuwa akichambua maharage. Aliinuka, akafunga mlango, ndipo akauliza:

"Nani alikupa hii?"

"Ule papa wa gari nyeupe."

"Usiiimbe tena mu nyumba yangu. Na usiulize-ulize watu, mama. Haujue nani iko nasikia."

Papa Gilbert aliporudi kwenye mazoezi, nilisimama mbele ya wote. Nikamuuliza wimbo ulitoka wapi.

"Ya bibi yangu," akasema. "Ya harusi."

"Basi tuimbie kidogo, Papa, vile banaimba ku harusi. Mbio-mbio, watu banacheza."

Alicheka. Akaanza, mstari mmoja tu, akanyamaza. Lakini mstari mmoja ulitosha. Wengine walikuwa wameinamisha macho. Na Chantal, msichana wetu wa sauti ya kwanza, aliyeimba vizuri kuliko wote, mguu wake ulikuwa umeanza kupiga mwendo sakafuni bila yeye kutaka. Alipouona, alilishika goti kwa mikono yote miwili.

"Mademwazeli alisoma sana," Papa Gilbert alisema taratibu, akinitazama. "Sana mno."

Nikamrudishia kaseti yake.

Usidhani nilishangiliwa. Korali iligombana palepale. "Unasema siye ndiye tuliimba ile?" mmoja alinifokea, na walioondoka siku ile wengi wao hawakurudi. Gari jeupe likaanza kupita mbele ya lango letu, polepole, bila kusimama. Baba yangu, aliyeidharau shahada yangu, akawa anafunga duka mapema na kuja kuningoja shuleni. Tulitembea pamoja hadi nyumbani. Kisha watu wakasema lile gari limeonekana likitoka mjini kuelekea Nia-Nia, na halikuonekana tena.

Wimbo, lakini, ulirudi. Siku moja ulitoka katika spika ya muuza kaseti sokoni, maneno ya amani juu yake, umeimbwa na korali nisiyoijua. Hakuna aliyesema tukimbie. Akina mama walianza tu kukunja bidhaa zao, mmoja, kisha wengine, hadi soko likawa tupu mchana kweupe. Nani alimtuma yule mtu, na alitaka kuwaita akina nani kwa sauti ile, sijui hadi leo. Waliojua hawakuniambia.

Chantal alikuja kwangu peke yake. "Ya Esther," alisema, akiniita kama dada yake mkubwa, "balinibeba ku pori nikiwa mutoto. Ile wimbo tulikuwa tunaimba kila asubui. Nikikataa, banapiga." Akalia, nami nikalia. Kisha akaniomba nimfundishe kuandika noti, ili atunge wimbo ambao hakuna aliyemlazimisha kuuimba. Alichukua muda mrefu kuumaliza. Tuliuimba Pasaka, korali ikiwa nusu, na Mama Dorcas alikuwa pembeni yake.

Kampala sikufika, mwanangu. Nimekuwa mwalimu, na nimekula.

Kwa hiyo unisikilize. Vidole vyako vitasifiwa kwanza, lakini wewe lilee sikio. Yale mazoezi yatakayokuchosha, ya kuutambua wimbo uliofichwa, usiyakimbie. Ukipewa kazi, uliza wimbo umetoka wapi, utapigwa wapi, na utawafaa nani, hata kama kuuliza kutakupotezea kazi yenyewe. Anayekukataza kugusa kitu, kiguse kwanza ndipo umjibu. Watakuita mtu wa mashaka. Kubali jina hilo.

Nenda sasa. Mungu akutangulie angani na katika mji ule mkubwa, akupe walimu wakali na marafiki wa kweli, na popote utakapofungua kinywa chako kuimba, pasiwe na mama atakayefunga mlango kwa hofu.