Kisiwa Kilichokataa Kuporomoka

Siku nilipokifundisha kijiji kizima habari za bahari, mimi mwenyewe bahari nilikuwa sijaitia machoni, na sioni haya kusema. Nilizaliwa Dodoma mjini, nikapangiwa kufundisha jiografia upande wa Haneti, miaka ile ya ruksa, mitumba ilipojaa minadani na kila mwenye lori akawa mnunuzi wa mazao. Baba yangu alikuwa mmoja wao.

Shule yetu ilikuwa na tanuri moja la matofali yaliyokwisha kuiva, na ugomvi mmoja. Mwalimu mkuu na mimi tuliyataka yajenge maabara. Wazazi wengi walitaka ghala, maana mfanyabiashara fulani wa mjini alikuwa ameahidi kulikodi. Na huyo mfanyabiashara ni nani? Baba yangu mzazi! "Mwanangu," aliniambia, "mahindi yanaliwa. Hiyo maabara inaliwa?" Nilimnunia wiki nzima.

Mkutano wa kuamua ulikuwa Jumamosi. Mwalimu mkuu akaniambia, "Waonyeshe kitu. Wakiiona sayansi kwa macho yao, matofali yetu. Wasipoiona, ndiyo basi tena."

Mtu mwenye akili zake angeonyesha mbegu inavyoota. Mimi na kiherehere changu nikachagua maporomoko ya chini ya bahari, kwenye visiwa vya volkano, kwa kuwa chuoni ndilo somo lililonikosesha usingizi kwa utamu. Kisiwa cha namna hiyo, sehemu kubwa imezama majini. Kinachoonekana juu ni kichwa tu. Kimerundikwa majivu juu ya mawe, mawe juu ya majivu, na siku moja ubavu wake unaachia, unashuka hadi vilindini, na maji yaliyosukumwa yanainuka kuwa wimbi.

Nikaazima pipa lililopasuliwa kwa urefu, la kunyweshea ng'ombe, nikatandaza tope jeusi chini. Ijumaa nikawaomba akina mama wanijengee kisiwa ndani yake. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja wa Kigogo, fundi wa mapaa ya tembe, zile nyumba zetu zinazoezekwa kwa udongo. Huyo mama alikuwa upande wa ghala, na hakuficha. "Maji ya kunywa tunayafuata mbali, mwalimu unataka ya kuchezea," alisema, lakini akafunga khanga kiunoni akaanza kazi. Nikawaacha, nikaenda kusahihisha madaftari. Niliporudi kisiwa kilikuwa kimesimama, kizuri, kinang'aa.

Jumamosi watu wakajaa. Baba akakaa mbele na kanzu yake nyeupe, bambo mkononi, ule mrija wa chuma wenye ncha anaouchoma kwenye gunia kuona kilichomo katikati. Nikamwaga maji, nikaeleza, nikatikisa pipa kama tetemeko. Kimya. Nikatikisa tena. Nikaligonga kwa mwiko, nikalipiga teke nikaumia kidole. Kisiwa, wapi! Akina mama wakapiga vigelegele, maana kazi yao ilikuwa inasifika mbele ya kadamnasi. Walikuwa wamekishindilia kwa vibao na kukisiriba kama paa linalongoja masika.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Baba akakohoa, kile kikohozi chake cha kufunga biashara.

"Kwani ulitaka kianguke?" akauliza mama fundi.

"Ndiyo, mama. Nilitaka kianguke."

"Mbona hukusema! Sisi mtu akituambia jenga, tunajenga kisimame." Watu wakaangua kicheko. Akasogea, mikono imeshaingia majini. "Paa linaloporomoka tunalijua, hata tusiotaka kulijua. Fundi mvivu anapaka mfinyanzi laini, halafu anamwaga mchanga juu yake. Maji yakipenya hapo katikati, la juu halina pa kushika."

Jamani, alikuwa anasema maneno ya mhadhiri wangu, ila kwa ufupi zaidi! Tukapunguza maji, akapaka ubavu mmoja mfinyanzi, akarundika mchanga na majivu. Tukarudisha maji taratibu, nikagonga pipa mara moja tu. Ubavu wote ukaachia kwa mpigo, maji yakakimbilia upande wa pili, yakaruka ukingo, yakamwangukia baba kifuani.

Kanzu yote tope. Watu wakashika midomo. Baba akajitazama, akanitazama, kisha akacheka mpaka kofia ikadondoka, na mimi moyo ukarudi mahali pake.

"Sasa wataalamu wanajuaje, na kule chini giza?" akauliza mama fundi.

"Wewe ukitaka kujua maji yamefika wapi kwenye pipa lililofungwa, unafanyaje?"

"Nagonga."

"Na wao wanagonga. Meli inatuma mlio chini, wanapima umechukua muda gani kurudi, mpaka wanachora milima yote ya huko na vifusi vilivyomwagika." Kisha nikamnyang'anya baba bambo, nikalichoma kwenye mchanga uliotandaa chini ndani ya pipa, nikalitoa polepole. Chini tope jeusi, juu mchanga na majivu. "Wao wanashusha mrija mrefu kuliko huu. Wakikuta mchanga wa mlimani juu ya tope la vilindini, wanajua hapa kuna ubavu uliteremka."

Baba akainama kuangalia. "Alaa! Gunia limechanganywa!" akasema, na wakulima waliowahi kumchanganyia makapi wakatazama pembeni.

Mwenyekiti alipotaka kuhesabu mikono, mama fundi akasimama kwanza. Alisema amejenga mapaa tangu ujana wake, na hakuna hata siku moja aliyowahi kudhani kwamba anachokijua yeye kinasomwa vyuoni. "Mjukuu wangu wa kike yuko kidato cha pili hapa. Mimi ni maabara." Mikono ikainuka mingi mpaka mwenyekiti akaacha kuhesabu. Nililia hadharani, na kamasi juu.

Mama fundi akanisogelea. "Na wewe hiyo bahari umeiona?"

"Bado, mama."

Akakung'uta tope la mikononi. "Hata mimi."

Baba alipopanda lori nilimkimbilia nikampe bambo lake. Alikuwa bado amelowana, kanzu imekuwa ya kahawia. Hakulipokea. "Liache huko maabara," akasema. Kisha, kabla lori halijaondoka, akachungulia dirishani. "Mwezi ujao napeleka mzigo Dar. Nafasi mbele ziko mbili. Mwambie na yule fundi wako."