Pampu Iliyomkatalia Mama Kufuli

Wanafunzi walimwita Mama Kufuli, naye hakununa hata kidogo. Aliwafundisha wahandisi wa kompyuta usalama wa vifaa vidogo vinavyounganishwa kwenye mtandao: pampu, kamera, vitasa vya milango, vitu ambavyo watu huwasha wakavisahau. Nyumbani alibadilisha neno la siri la intaneti kila mwezi, hata mumewe akawa anampigia simu kazini kuomba ruhusa ya kutazama mpira.

Asubuhi hiyo aliingia maabara kufundisha. Mkuu wa idara alikuwa ameketi mstari wa mbele, mikono kifuani. Jana yake alikuwa amemwambia waziwazi, "Mwalimu, mimi naona hili somo tulifute. Nani atahangaika kuvamia pampu? Nionyeshe kesho, la sivyo basi."

Lakini Mama Kufuli alikuwa na silaha yake ya miaka tisa: pampu ya tangi la maabara, aliyoiachia makusudi neno la siri la kiwandani, lile ililonunuliwa nalo. Kila mwaka, kwa kompyuta yake, aliingia kwenye mfumo wa pampu hiyo ndani ya sekunde kumi, maji yakamwagika sakafuni, na darasa zima likashika adabu.

Akaandika neno. Likakataliwa. Akaandika tena, taratibu, herufi moja moja. Wapi! Pampu ilikaa kimya. Mkuu akatazama saa yake. Kazi ya miaka tisa ilikuwa inakwenda na maji, na maji yenyewe hayatoki.

Mwanafunzi mmoja mpole, dada asiyesema sana, akanyoosha mkono.

"Samahani, mwalimu. Wiki iliyopita tuliikuta iko wazi, tukabadilisha neno la siri. Si ulisema tusiache kifaa na neno la kiwandani hata siku moja?"

"Na mliingiaje?" mkuu akadakia.

"Kwa hilohilo la kiwandani, mkuu. Limeandikwa kwenye kijitabu cha maelekezo. Yeyote anaingia."

Mama Kufuli alitaka kukasirika, akashindwa. Furaha ilimjaa mpaka akacheka peke yake mbele ya darasa.

Mkuu hakucheka. Akainuka, akamsogelea, akashusha sauti, ingawa maabara nzima ilimsikia.

"Mwalimu, ile kamera ya ofisini kwangu niliitoa kwenye boksi nikaitundika tu. Kipindi kijacho ni lini?"

"Jumatatu, saa mbili asubuhi."

"Niwekee kiti."

"Kiti utapata, mkuu. Ila uje na kamera."