Sisimizi wa Kabula

Sogeeni hapa karibu na moto, na mwenye redio aizime. Nyamazeni, maana hili nitalisema mara moja tu. Nikilirudia nitatukana.

Nilipokuwa mtoto, kule Songwa, kabla ya uhuru, kazi yangu ilikuwa kulinda mtungi. Si kuchota, kulinda, ili dada yangu Kabula asinywe maji. Yeye alikuwa na miaka tisa, mimi saba. Alikonda ghafla, naye alikula kuliko Baba, na maji aliyanywa kama ng'ombe wa kiangazi. Kitandani alikojoa kila siku. Na pale alipochuchumaa nyuma ya zizi, sisimizi walikuja msururu.

Sisimizi hao ndio waliotuponza. Baba mkubwa, kaka yake Baba, alikuwa na mizinga ya nyuki msituni. Alipowaona akasema mababu wanadai asali kupitia mtoto, na wasipopewa watamchukua mwenyewe. Wote tukakubali. Jibu tulikuwa tumeliona kwa macho yetu, pale chini kwenye mchanga, tukaligeuza juu chini.

Basi Kabula akalishwa asali asubuhi na jioni. Nyingine alipakwa kwenye fizi, kwa sababu fizi zilivimba zikawa nyekundu kama nyama mbichi, akitafuna ugali damu inabaki kwenye tonge. Pumzi yake ilinukia kama ndizi zilizoiva kupita kiasi. Maji akakatazwa, eti ndiyo yanayomkojoza.

Siku moja aliniambia, "Limi, nitilie kidogo tu kwenye kata. Ulimi umenata."

Nikamwambia nitachapwa. Nikaukalia mfuniko. Nimewakasirikia wakubwa wale maisha yangu yote, lakini aliyekaa juu ya mtungi ule ni mimi.

Kisha jino likang'oka, la mbele, la ukubwani, akila kiazi cha kuchemsha. Baba mkubwa akalitazama kiganjani, akasema mababu wameanza kuchukua chao.

Mama akasimama.

"Wachukue ya kwako, shemeji. Wewe unayo mengi."

Akambeba Kabula mgongoni, nami nyuma na lile jino nimelifunga kwenye jani, mwendo wa asubuhi nzima hadi zahanati. Dresa, mhudumu wa dawa wa pale, alikuwa mtu wa Tanga. Aliangalia fizi kwanza, akanusa pumzi, akaomba mkojo. Akauchanganya na dawa ya buluu, akauchemsha juu ya moto mdogo wa taa. Ile buluu ikageuka rangi ya tofali.

"Mama Kabula, mtoto huyu mnampa nini?"

"Asali," Mama akasema.

Dresa hakutugombeza, na afadhali angetugombeza. Alieleza kwamba mwili umejaa sukari usiyoweza kuitumia, kwamba fizi zinaoza kwa ajili hiyo, kwamba kiu ile ilikuwa ya kweli. Anywe anavyotaka, na apelekwe Mwanza, sindano yake iko huko. Kabula akanywa vikombe vinne mfululizo, akinitazama juu ya kikombe. Kesho yake alikufa tukiwa njiani kwenda stesheni.

Msibani Baba mkubwa alisema asali haikutosha. Wanaume wakatikisa vichwa kukubali. Hakuna aliyempiga kofi. Mpaka leo mkono unaniwasha.

Alipokufa yeye, mizinga walirithi wanawe, na maneno yake pia wakayarithi. Nimewasikia mwaka huu huu wakimwambia mama mmoja ampake mwanawe asali kwenye fizi. Kwetu, zizi la Baba lilikwenda kwa kaka yangu. Mimi Mama aliniachia kata ile ya kibuyu, na sikumwuliza kwa nini.

Ugonjwa wa Kabula ameupata Minza, mjukuu wangu huyu mnayemwona. Anajidunga sindano mwenyewe, anapiga mswaki mara mbili, na kila jioni ananifunulia mdomo nitazame fizi, huku akilalamika kwamba namchosha. Namchosha, ndiyo. Kata nimempa yeye, na katika nyumba hii hakuna anayemwuliza mtu anakwenda mtungini kufanya nini.