Mstari Aliouacha Baba

Katika lokesheni ya Nakuru, mtaa waliotengewa Waafrika, miaka ile ya Hali ya Hatari, kura ilikuwa ya mwenye kadi ya chumba. Kadi yetu iliandikwa jina la baba, aliyefanya kazi katika karakana ya reli. Mama, aliyepika, akafua na kutuzaa humo ndani, alihesabiwa pamoja na kitanda.

Tulikuwa tunamchagua mjumbe wa baraza la lokesheni. Wajuaji walisema baraza hilo halina meno, ni la kuwafurahisha Wazungu tu. Mdharau mwiba mguu huota tende. Baraza hilohilo ndilo lingeamua mfereji mpya wa maji uwekwe wapi. Sisi tulichota mbali, ng'ambo ya korongo, na mama alikuwa na mimba ya miezi sita.

Wagombea walikuwa watatu. Fundi cherehani, jirani yetu, aliutaka mfereji upande wetu. Mwenye kilabu cha pombe, aliyekaa ng'ambo, aliutaka mlangoni pake. Wa tatu alikuwa mzee wa kanisa aliyesimamia harusi ya wazazi wangu. Huyo hakutaka chochote ila heshima.

Asubuhi hiyo mama alimfunga baba vifungo vya shati, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Baba watoto, mimi sina ruhusa ya kupanga mstari. Simama kwa fundi. Hiyo ni kura yangu."

"Si nimeshasema nitasimama?"

Nilimfuata mpaka uwanjani. Siku hizo hapakuwa na karatasi. Ulisimama nyuma ya mtu wako, basi. Baba alikwenda moja kwa moja kwa fundi. Kisha mzee wa kanisa akageuka, akaona nyuma yake watu wawili tu, mmoja wao mkwewe. Kicheko kikazuka. Baba akavua kofia, akatoka mstarini, akaenda kusimama nyuma ya mzee. Jirani mwingine aliyekuwa mstarini kwa fundi naye akaona haya, akamfuata. Na mimi, mjinga, nikajivuna kwamba baba yangu ni muungwana.

Bwana shauri, ofisa wa Kizungu wa serikali, alihesabu kwa kugusa mabega kwa kifimbo. Fundi alishindwa na mwenye kilabu kwa mtu mmoja.

Mfereji ukajengwa mbele ya kilabu. Masika yalipoanza, mama aliteleza korongoni akiwa na debe la maji kichwani. Mtoto alizaliwa siku hiyohiyo, wa kike, na hakulia. Nilikuwa nimemngoja sana yule mdogo wangu. Nilimkasirikia baba, na ingawa alishazikwa zamani, hasira yenyewe haijaisha yote.

Mama aliporudi kutoka hospitali, baba alisimama karibu na kitanda akiwa bado na mafuta ya karakana mikononi.

"Mzee alikuwa peke yake," alisema. "Watu walikuwa wanamcheka. Niliona aibu."

Mama hakupaza sauti. "Aibu yake ingeisha kabla jua halijatua. Mimi maji nachota kila siku."

Ndani hamkuwa na maji hata ya kumpikia mama uji. Nilikuwa na miaka kumi. Nikachukua debe, nikashuka korongoni.