Picha Iliyotolewa Kwenye Foleni

Watu mia mbili na kumi na wanne walimjua Mable bila kumjua. Walimjua kama Msimamizi wa Jicho la Taita, kikundi cha mtandaoni cha wapenda picha, wengi wao wa Voi, Taveta, Werugha na vijiji vya katikati, na wachache waliohamia mbali lakini roho zao zikabaki milimani. Uso wake hawakuujua, kwa kuwa mahali pa picha yake aliweka picha ya mlango wa maktaba. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, mkutubi msaidizi katika chuo kimoja mjini Voi. Kati ya kupiga simu na kuandika ujumbe, alichagua kuandika. Kati ya kuandika na kunyamaza, mara nyingi alinyamaza.

Kikundi alikianzisha yeye. Kila tarehe mosi alitangaza mada ya mwezi: Mlango. Ukungu. Mikono. Wanachama walikuwa na hadi tarehe ishirini na tano kumtumia picha, moja kila mtu, faraghani. Yeye aliondoa majina, akazipa picha namba kwa mpangilio wa kufika, na tarehe ishirini na nane akazitoa zote mbele ya kikundi. Watu walipiga kura kwa siku mbili bila kujua nani kapiga ipi. Aliyejulikana daima ni Thadeus, mwalimu mstaafu wa Werugha, ambaye hata mada iwe nini, alituma ng'ombe. Mada ilipokuwa Chuma, ng'ombe alivaa kengele. Ilipokuwa Kivuli, alikuwa ng'ombe mweusi.

Mshindi hakupewa kitu ila heshima moja: picha yake iligeuka sura ya kikundi kwa mwezi mzima, na kila aliyefungua simu akaiona hiyo kwanza.

Na kulikuwa na sheria ambayo Mable alijitungia siku ya kwanza kwa kutaka haki: anayeendesha hashiriki. Alikuwa na kamera ya kweli, yenye lenzi ndefu, na vitabu vitatu vya mambo ya mwanga alivyovisoma hadi majalada yakalegea. Alidhani siku moja mtu angeuliza, na Msimamizi je, yeye hapigi? Miaka minne ilipita. Hakuna aliyeuliza.

Kisha akaja Ndila.

Ndila aliuza ndengu na mbaazi sokoni Voi. Simu yake ilikuwa na ufa uliokatiza kioo kutoka pembe hadi pembe, na kwenye ujumbe wake hakuweka nukta wala koma. Alijiunga mwezi wa saba. Mwezi wa nane, mada ikiwa Sauti, alituma picha ya mwanamke aliyezungushia mdomo viganja akimwita mtu wa ng'ambo ya reli. Wa tisa, mada ikiwa Vumbi, alituma viatu vya kanisani, vyeupe pe, vimebebwa mkononi na mtu anayetembea peku. Wa kumi, Uzito, alituma paka aliyelala kwenye mizani ya sokoni. Zote tatu zilishinda.

Mara ya kwanza Mable alifurahi. Mara ya pili alifurahi kwa juhudi. Mara ya tatu aliandika "Hongera" na kuifuta, akaandika tena, na ndani yake kitu kikamkwaruza kama kokoto ndani ya kiatu. Ile picha ya paka aliikuza kwenye kompyuta ya maktaba akitafuta kosa. Kosa lilikuwepo: mwanga ulikuwa mkali mno upande wa kushoto. Alilitazama kosa lile kwa faraja, kisha akamwona paka, na faraja ikaisha.

Lililomchoma zaidi liliandikwa na Thadeus. "Namba saba ni Ndila tena, sina shaka," aliandika. "Msimamizi, si umwachie huyu mama usukani hata mwezi mmoja? Atuchagulie mada, nawe upumzike." Watu arobaini waliweka vidole gumba. Mable alilirudia neno lile, upumzike, kana kwamba lilikuwa barua ya kumwachisha kazi.

Novemba mada ilikuwa Kusubiri. Tarehe ishirini na tatu, akigonga muhuri vitabu vilivyorudishwa, simu ilitetemeka. Ilikuwa picha ya Ndila.

Ilionyesha foleni ya maji, foleni isiyo na watu. Ilikuwa ni mitungi tu, ya njano na ya bluu, imepangwa kwenye udongo mwekundu kufuata bomba, kila mmoja na alama yake: huu umefungwa kitambaa, ule umechorwa msalaba, mwingine kifuniko chake ni gunzi. Mwanzo wa foleni, juu ya mtungi uliofungwa kitambaa chekundu, alikaa mwanamke mzee, kichwa kimeenda nyuma, anacheka. Alicheka mdomo wazi, mapengo yote nje, mkono mmoja hewani.

Mable aliujua mtungi ule kabla ya kumtambua mwanamke. Ulikuwa wa kwao, Sagalla. Mwanamke alikuwa Wakesho, mama yake.

Mable alikuwa amempiga mama yake picha kwa miaka kumi. Mamia ya picha, na zote zilikuwa za mwanamke yule yule aliyekaza shingo na kufumba mdomo, kama aliyeitwa kupigwa picha ya kitambulisho. Mama, inua kidevu. Mama, tazama kule mlimani. Mama, tulia. Kicheko kile alikuwa akikisikia jikoni, shambani, nyuma ya ukuta. Akija na kamera, kinazimika. Na sasa muuza ndengu, kwa simu yenye ufa, kakibeba kama anayeokota embe lililoanguka.

Yapo mambo mtu huyafanya vidole vikitangulia akili. Mable aliandika kwamba picha ni nzuri, lakini kwa mujibu wa sheria, anayeonekana uso lazima awe ametoa ruhusa ya maandishi. Sheria hiyo haikuwepo. Wiki ile ile alikuwa amepokea kutoka Taveta picha ya kinyozi na wateja wake watano, nyuso kumi na mbili ukihesabu za kwenye kioo, na hakuomba karatasi yoyote. Alijua pia kwamba zilibaki siku mbili, na kwamba mfanyabiashara hafungi kibanda chake kwa ajili ya mashindano ya simu.

Jibu lilikuja baada ya dakika moja: "sawa madam nimeelewa nitaitafuta".

Usiku ule Mable hakulala vizuri, lakini asubuhi alijiambia kwamba sheria ni nzuri hata ikizaliwa siku mbaya.

Tarehe ishirini na tano, mchana, mwanamke mfupi mwenye leso kiunoni aliingia maktaba akitembea kwa tahadhari, kama aliye kanisani kwa watu wengine. Viatu vyake vilikuwa vyekundu kwa vumbi la Sagalla. Alimwendea Mable moja kwa moja.

"Madam, mimi ni Ndila. Nimeambiwa nikuletee hii hapa."

Mable hakuwahi kumwambia mtu yeyote wa kikundi mahali anapofanya kazi. Aliuliza, kwa sauti ndogo, ni nani aliyemwelekeza.

"Mwenye picha. Aliniambia niende maktaba ya chuo, nimpe msichana wa miwani asiyependa kutazama watu machoni." Ndila alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne ndani ya mfuko wa plastiki wa kufungia unga. "Alisema nisiifungue, nami sijaifungua. Nimepanda bodaboda, na njiani tumeshuka mara mbili kusukuma. Natumai sijachelewa."

Mable alisema hajachelewa. Ndila akamshukuru, na hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote, na akaondoka kuwahi kibanda alichomwachia jirani.

Ilikuwa karatasi ya daftari, na mwandiko ni ule ule uliokuwa ukimwandikia mwalimu kwamba Mable hakuja shule kwa sababu ya homa.

"Mimi Wakesho wa Sagalla nimemruhusu Ndila atumie picha yangu pamoja na meno yangu yote yaliyobaki. Kwa anayedai ruhusa: siku hiyo nilikuwa kwenye foleni ya maji. Sheria ya foleni unaijua. Mama yako."

Mable aliijua. Kwao bomba hufunguliwa siku mbili kwa wiki, na hakuna mwenye nafasi ya kusimama kutwa. Mtu huweka mtungi wake alfajiri, wenye alama yake, akaenda shambani. Mtungi ndio unaosimama. Wa mtu mwingine hausogezwi. Ukiusogeza na ukajulikana, hutatukanwa. Utamjazia mwenyewe mtungi wake, uubebe hadi mlangoni kwake mchana kweupe, na kila utakayepishana naye atajua ni kwa nini. Alipokuwa na miaka kumi na mmoja Mable aliusogeza nyuma mtungi wa jirani, Mama Rita, ili awahi kurudi kwenye kitabu chake. Mama yake alimbebesha Jumapili, watu wakitoka kanisani. Tangu siku ile ndipo alipoacha kutazama watu machoni, au hivyo ndivyo alivyopenda kujieleza.

Alikaa na ile karatasi hadi saa ya kufunga. Alifikiria kuipa picha namba yake kimya kimya, mambo yaishe. Nani angejua? Ndila hakujua kwamba sheria ni ya uongo. Lakini mama yake alijua, na mama alikuwa ameandika "unaijua", wala hakuandika zaidi.

Tarehe ishirini na nane alitoa picha kumi na nne, ya Ndila ikiwa ya tisa, mahali pake pa haki. Kisha aliandika maneno ambayo yalimchukua saa nzima na yalikuwa machache: kwamba mwezi huu alimdai mshiriki mmoja ruhusa ya maandishi, kwamba sheria hiyo haipo na haikuwahi kuwepo, kwamba aliitunga kwa kijicho, na kwamba mama anayeonekana kwenye picha namba tisa ni mama yake mzazi. Akabonyeza, akaifunika simu kifudifudi, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Aliporudi, wengi walikuwa wameandika maneno ya kufariji ambayo hayakumfariji. Thadeus alikuwa ameandika, "Basi nami niulizwe ruhusa ya ng'ombe, atie kwato hapa." Kura zilipofungwa, namba tisa ilishinda kwa kura nyingi kuliko picha yoyote ya miaka minne.

Jumamosi Mable alijaza mtungi wa lita ishirini, akauweka kichwani, akashika njia ya soko. Hakuwa amebeba maji tangu aajiriwe. Yalimwagika hadi miwani ikalowa, na wauza nyanya walimuuliza kama kwake bomba limehama. Alifika kwenye kibanda cha Ndila na kuutua mbele ya magunia.

"Ni yako," alisema. "Nilisogeza mtungi wako."

Ndila alimtazama, akautazama mtungi, akacheka kwa chini. Alisema yule mama alimwambia kwamba huenda akaletewa maji, na yeye akadhani uzee unamchezea. Alimsogezea Mable kigoda. Walikaa. Mable alimuuliza swali alilolibeba pamoja na ule mtungi wa maji, na ambalo lilikuwa zito zaidi: ulimwambia nini hata akacheka vile?

"Mimi? Sikusema kitu." Ndila alikuwa akipepeta ndengu, hakuinua macho. "Nilitaka kupiga mitungi tu. Akaniuliza nafanya nini, nikamwambia ni mashindano ya Jicho la Taita. Akasema, ah, hayo ni ya binti yangu, ngoja nikuonyeshe anavyonipiga mimi. Akakaa juu ya mtungi." Ndila aliweka ungo chini, akanyoosha shingo, akabana sauti. "'Mama, kidevu. Mama, mlima. Mama, usipumue.' Akashindwa kuendelea, akacheka. Hapo ndipo nikabonyeza."

Kwa hiyo kicheko kile kilitokana na Mable mwenyewe. Kilikuwa juu yake. Mable hakujua kama ametukanwa au amepewa zawadi, na kwa muda alimwonea Ndila wivu mpya kabisa, wa kuwa ndiye aliyekuwepo. Halafu akauliza, "Kwa hivyo ulijua ni mama yangu tangu ulipotuma?"

"Nilijua."

"Na ulipoambiwa habari ya ruhusa?"

"Nilijua pia kwamba umeitunga. Lakini sheria ni ya mwenye kikundi. Nami nilitaka picha iingie."

Mable alifuta miwani kwa upindo wa blauzi. Kisha akamwomba Ndila auendeshe mwezi wa Desemba: achague mada, apokee picha, aondoe majina. Ndila aliokota ungo wake tena.

"Anayeendesha hashiriki, sivyo?"

"Hashiriki."

"Basi umepata njia ya kunitoa kwenye foleni kwa adabu," alisema Ndila, na wauza nyanya, ambao walikuwa wanasikia kila kitu, wakaangua kicheko. Lakini alikubali. Mada yake, aliyoitangaza tarehe mosi bila nukta, ilikuwa Meno.

Mable alipanda Sagalla na kamera yake mara mbili. Mara zote mbili mama yake alivaa gauni zuri, akakaa, akakaza shingo, akafumba mdomo. Mable hakumwambia ainue kidevu. Hakumwambia kitu. Walisubiriana hadi chai ikapoa, na mwisho alimpiga hivyo hivyo, mdomo umefumbwa, na akaituma kwenye mada ya Meno.

Ilipata kura tano. Aliyeshinda ni Thadeus, kwa ng'ombe aliyepiga mwayo mbele ya ukungu wa Werugha, meno ya chini yamejipanga kama mitungi. Ndila alimpigia simu Mable kumuuliza jinsi ya kubadilisha sura ya kikundi, na Mable, ambaye hakupenda simu, aliipokea na kumwelekeza hatua kwa hatua. Kisha alifungua kikundi, akamtazama ng'ombe yule kwa muda mrefu, akitafuta kosa la mwanga. Hakuliona.